Skani ya Z kwa leza ya kijani: n₂ ya rozela inatoka kubwa kupita kiasi, tatizo liko wapi?

tunguu_optika

Assalam alaykum. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa skani ya Z, yaani kusogeza sampuli kupita kwenye fokasi ya leza huku ukipima mwanga unaopita kwenye kitundu. Ninapima n₂, yaani kiasi ambacho kipimo cha kupinda mwanga cha kimiminika hubadilika kadiri ukali wa mwanga unavyoongezeka. Sampuli ni mbili: rangi ya rozela iliyokamuliwa kwa ethanoli yenye asidi kidogo, na mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) kutoka Pemba.

Mpangilio ni huu. Leza ya kijani ya nm 532, miliwati 50, imepunguzwa kwa filta za kijivu. Mwale una nusu kipenyo cha mm 0.6 unapoingia kwenye lensi ya fokasi mm 100. Kuveti ya glasi ya mm 10 imekaa juu ya kibebeo kinachosukumwa na mota ya hatua, kutoka −40 mm mpaka +40 mm, sifuri ikiwa kwenye fokasi. Kitundu cha kipenyo cha mm 2 kipo sentimita 30 baada ya fokasi, na fotodayodi iko nyuma yake.

Kwa miliwati 20 rozela inachora duara ndani ya duara ukutani na grafu haina sura. Nikishusha hadi miliwati 5 napata kilele kwanza, kisha bonde. Tofauti ya kilele na bonde ni 1.3 (upitishaji wa mbali na fokasi ukiwa 1), umbali baina yao mm 17, na sampuli inapitisha asilimia 90 ya mwanga. Kwa fomula ya kawaida natoka na n₂ ya karibu −8 × 10⁻⁸ cm²/W. Kaboni disulfaidi, ambayo kila mtu hulinganishia, ni kama 3 × 10⁻¹⁴. Hivi kweli rozela iizidi zaidi ya mara milioni mbili? Na mafuta ya makonyo hayatoi kitu, mstari mnyoofu mwanzo mpaka mwisho.

Maalim_Kiponda

Waalaykum salaam. Hesabu umeifanya sawasawa, ila ulichopima ni lensi ya joto, na umeiita n₂.

Anza na ukubwa. Kwa mwale wako nusu kipenyo kwenye fokasi, w₀ = λf/(πw), kinatoka µm 28. Kwa hiyo z₀ = πw₀²/λ, umbali kutoka fokasi ambako mwale umepanuka mara √2, ni mm 4.7, na ukali kwenye fokasi, 2P/(πw₀²), kwa miliwati 5 ni kama W/cm² 400. Sasa mwaga rozela, tia kaboni disulfaidi kwenye kuveti hiyo hiyo. Badiliko la fezi (kuwahi au kuchelewa kwa wimbi la mwanga), (2π/λ)·n₂·I₀·L, I₀ ikiwa ukali kwenye fokasi na L unene wa sampuli, linakuwa radiani 1.4 × 10⁻⁶, na kwenye grafu hiyo ni badiliko la sehemu kama moja kwa milioni mbili. Hakuna fotodayodi ya mezani itakayoliona hilo. Ndiyo maana Sheik-Bahae na wenzake walipoileta skani ya Z mwaka 1989 na kuieleza kwa kirefu mwaka 1990, n₂ ya Kerr (inayoletwa na ukali wa mwanga wenyewe, si joto) waliitafuta kwa leza ya mapigo mafupi. Leza inayowaka mfululizo haifiki huko, hata uibane vipi.

Upande wa joto, fezi ni takriban P·(sehemu iliyonyonywa)·(dn/dT)/(κλ). Miliwati 5, asilimia 10 imenyonywa, ethanoli ina dn/dT (badiliko la kipimo cha kupinda mwanga kwa joto) ya karibu −4 × 10⁻⁴ kwa kila digrii, na inapitisha joto vibaya, κ ni kama 0.17 W/mK. Zidisha: radiani 2.2. Kwa miliwati 20 ni karibu 9, na hapo ndipo duara zako zinapotoka. Katikati ya mwale pana moto zaidi, n inashuka, kimiminika kinakuwa lensi ya kutawanya. Kilele kwanza halafu bonde ndiyo alama yake.

Ushahidi mwingine umeuandika mwenyewe. Badiliko la Kerr huweka kilele na bonde umbali wa 1.7 z₀, ambao kwako ungekuwa mm 8. Lensi ya joto iliyokwisha kutulia, kwa modeli ya Sheldon ya mwaka 1982, ina kilele na bonde kwenye √3 z₀ kila upande, yaani 3.5 z₀ kwa jumla. Kwako hiyo ni mm 16. Wewe umepata 17. Usiichukue kama uthibitisho kamili, maana kuveti ya mm 10 ni nene kuliko z₀ na yenyewe inaitanua grafu, lakini mwelekeo unaonekana.

Na ile fomula, ΔT = 0.406 (1−S)^0.25 |ΔΦ| (ΔT ni tofauti ya kilele na bonde, S ni sehemu ya mwanga inayopita kwenye kitundu, ΔΦ ni badiliko la fezi), ina masharti mawili ambayo watu huyapita mbio: sampuli iwe nyembamba kuliko z₀, na ΔΦ isizidi radiani π, kama 3.1 hivi. Ukiigeuza kwa ΔT yako ya 1.3 inakupa radiani 3.7. Hapo tayari uko nje ya mipaka yake, hata kama ingekuwa Kerr.

Fanya majaribio mawili kabla ya kugusa kitu kingine. La kwanza, badilisha kiyeyushi. Rozela inayeyuka vizuri kwenye maji, basi tengeneza ya maji yenye asidi ile ile, pH chini ya 3 ili wekundu usipotee. Usilinganishe kwa gramu. Kilele cha unyonyaji wa rangi hii husogea kidogo ukihama kutoka maji kwenda ethanoli, kwa hiyo punguza au ongeza mpaka zote mbili zipitishe asilimia 90 hasa kwenye nm 532. Maji yana dn/dT ndogo kiasi cha mara nne na yanapitisha joto zaidi ya mara tatu. Ishara ikishuka kama mara 14, ni joto. Molekuli ya rangi haijabadilika kiasi hicho kwa kuhamishwa chombo.

La pili ni muda. Ziba mwale, ufungue ghafla, tazama fotodayodi kwenye osiloskopu. Kerr ya elektroni haina subira, huja pamoja na mwanga wenyewe. Joto hujijenga kwa muda wa w²/(4D), na D (kasi ya joto kusambaa) ya ethanoli ni karibu 9 × 10⁻⁸ m²/s. Kwenye fokasi ni milisekunde 2 na kitu. Kwenye kilele cha lensi ya joto mwale umepanuka mara mbili, kwa hiyo ni milisekunde 9. Weka kuveti hapo, maana hapo unaona mpando wote kwa raha.

Makonyo kutoa mstari mnyoofu ni jibu zuri pia. Mafuta yale hayanyonyi kijani, basi hakuna joto, hakuna lensi.

fundi_Mwembeladu

Maalim kamaliza fizikia, mimi nizungumzie vyombo.

Leza hizi za kijani za bei nafuu hutengeneza nm 532 kutoka nm 1064, nayo inasukumwa na dayodi ya nm 808. Zisipokuwa na filta ndani, zote mbili hutoka pamoja na kijani. Silikoni inaona karibu na nm 900 vizuri kuliko inavyoona kijani, kwa hiyo kipimo cha nguvu kinakudanganya, na "miliwati 5" zako huenda si 5. Weka kioo cha kuchuja infraredi mara tu baada ya leza, kisha pima upya.

Iache iwake dakika 20 mpaka 30 kabla ya skani. Ikipata joto huruka kutoka hali moja kwenda nyengine na nguvu inapanda na kushuka kwa asilimia kadhaa, na hiyo kwenye grafu ina sura ya kilele kabisa. Dawa ni kipande cha kioo chembamba kilichoinamishwa mbele ya lensi, kipeleke asilimia chache kwenye fotodayodi ya pili, halafu kila nukta ugawe ya kwanza kwa ya pili. Bila ya hiyo fotodayodi ya pili usiamini skani yoyote. Umeme wa ukutani nao unayumba, kwa hiyo iwashe leza kwa betri ya lithiamu yenye kidhibiti cha mkondo.

Kitundu: mwale wako unapanuka mm 6 kwa kila mita. Kwenye sentimita 30 nusu kipenyo chake ni mm 1.8, kitundu cha mm 2 kinapitisha S = 0.46, si vibaya. Lakini kosa la nusu milimita katika kukilenga ni kubwa hapo, na grafu inaegemea upande. Kirudishe mita 1 kutoka fokasi, kifanye cha kipenyo cha mm 6, S inakuwa 0.39 na kulenga kunakuwa rahisi. Nyuma yake weka lensi ya fokasi mm 50 ikusanye mwanga wote, kwa sababu fotodayodi kama BPW34 ina eneo la mm² 7.5 tu. Ukiiacha bila lensi, kitundu chako halisi ni fotodayodi yenyewe, na S uliyoandika kwenye daftari haipo.

Ipe BPW34 volti 5 za kinyume na rezista ya kΩ 10. Kwa miliwati 1 kwenye sampuli utasoma kama volti 1, haitajaa. Kwa skani ya polepole ADS1115 (chipu ya kugeuza volti kuwa namba) inatosha, ina biti 16. Kwa lile jaribio la muda haifai hata kidogo, inasoma mara 860 kwa sekunde, ndani ya milisekunde 9 utapata nukta saba au nane. Tumia osiloskopu, au pini ya analogi ya Arduino ambayo inafika karibu mara 9,600. Kizibio cha mwale unaweza kukitoa kwenye diski ngumu iliyokufa: ule mkono unaobeba vichwa, bandika kipande cha karatasi ya alumini iliyopakwa rangi nyeusi, upe mkondo. Hufunguka upesi kuliko kizibio chochote cha sumaku utakachokipata Darajani.

Kibebeo kama kina skrubu ya printa ya 3D, yenye mwendo wa mm 8 kwa mzunguko, hatua moja ya mota ni mm 0.04. Inatosha. Ila skrubu ina ulegevu, kwa hiyo piga skani zote kwa upande mmoja, na ukirudi mwanzo pita mm 2 zaidi kisha ndio uanze. Nukta kila mm 0.5, subiri sekunde 1 mpaka 2 kwenye kila nukta ili joto litulie. Zima feni, na kiyoyozi kisipulize mezani.

Na miwani. Miliwati 50 ni daraja 3B, mng'ao wake ukirudi kutoka kwenye ukuta wa kuveti unaingia jichoni kabla hujapepesa. Vua saa na pete. Geuza kuveti digrii moja au mbili ili mng'ao usirudi ndani ya leza, maana huko nako unavuruga nguvu.

tunguu_optika

Shukran sana, maalim na fundi. Nimefanya la maji: upitishaji asilimia 90 kwenye nm 532, miliwati 5. Tofauti ya kilele na bonde imeshuka mpaka 0.1 hivi. Kwa hiyo ni joto.

Masuala mawili yamebaki. Kuveti ya mm 1 sina, naweza kuitengeneza? Na makonyo: nia ilikuwa kuona kama njia hii inaweza kubaini mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia. Nitie rangi ndani yake ili yanyonye?

mkulima_wa_Wawi

Usitie rangi, utakuwa unapima rangi. Kubaini mchanganyiko hakuhitaji leza. Chukua rifraktomita ya Abbe (hupima n, kipimo cha kupinda mwanga), tone moja. Yujenoli safi, kiini cha mafuta ya karafuu, ina n ya 1.54, mafuta ya karafuu na makonyo yako karibu na 1.53, mafuta ya kupikia yako karibu na 1.47. Pengo la 0.06 ni kubwa mno kwa chombo kinachosoma mpaka 0.0002. Asilimia chache za mafuta ya kupikia zinaonekana wazi, bora uandike joto la chumba, kwani n ya mafuta hushuka kama 0.0004 kwa kila digrii.

Tahadhari moja: mafuta haya usiyatie kwenye kuveti za plastiki za kutupa. Yujenoli inalainisha polistireni, ukuta unakuwa na ukungu na mikwaruzo ndani ya muda mfupi, na skani yako itaonyesha mabonde yasiyokuwemo kwenye mafuta. Glasi tu.

fundi_Mwembeladu

Kuveti ya mm 1: slaidi mbili za hadubini, katikati vipande vya slaidi nyengine kama nguzo, maana unene wake ni karibu mm 1. Upime kwa kalipa ya mikromita, usiamini maandishi ya boksi. Ziba pande tatu kwa silikoni ya madirisha, iache usiku kucha ikauke kabla ya kutia ethanoli. Funika juu, ethanoli ikiruka ukolezo unapanda wakati skani inaendelea na nusu ya pili ya grafu haitafanana na ya kwanza.

Slaidi si bapa kama kuveti ya kununua. Kwa hiyo piga skani ya kiyeyushi kitupu mahali pale pale, ugawe ya sampuli kwa hiyo.

Nukta532

Mimi nitapinga kidogo. Makala zipo tele zinazoandika n₂ ya 10⁻⁸ au 10⁻⁷ cm²/W kwa rangi za mimea, zimepimwa kwa leza mfululizo ya nm 532 au 632.8. Waandishi wanajua ni joto na wanasema hivyo. Kwa nini huyu ndugu azuiwe kuiita n₂? Kwa kazi ya kupunguza mwanga mkali mtumiaji hajali lensi imetoka wapi, muhimu mwanga umetawanyika.

Maalim_Kiponda

Ndugu Nukta, hoja yako ya kupunguza mwanga naikubali. Namba ndiyo siikubali. n₂ ya Kerr ni sifa ya kimiminika: badilisha lensi, badilisha upana wa mwale, inabaki ile ile. Namba hii haibaki. Fezi ya joto inategemea nguvu nzima iliyonyonywa, haitegemei w₀, lakini fomula inaigawa kwa ukali, ambao unategemea w₀². Weka lensi ya fokasi mm 200 badala ya 100, w₀ inakuwa maradufu, ukali unashuka mara nne, na "n₂" inapanda mara nne bila ya rozela kufanya lolote. Mwengine akirudia na lensi yake hatapata namba ile, na wala hatakuwa amekosea.

Akitaka kuiandika, aiite n₂ ya joto, na pembeni aweke nguvu, w₀, unene, kiyeyushi, upitishaji na muda wa kusubiri. Ila kuna jambo bora kuliko hilo. θ, fezi yenyewe ya joto, ina maana kamili. Ukijua κ na dn/dT ya kiyeyushi, θ inakupa unyonyaji, na kwa unyonyaji mdogo njia hii inapita spektrofotomita ya kawaida (chombo cha kupima unyonyaji wa mwanga) kwa mbali. Lensi ya joto imetumika hivyo tangu miaka ya 1960, Gordon na wenzake walipoiona kwenye vimiminika walivyoviweka ndani ya leza. Mafuta ya makonyo yanayoonekana kama hayanyonyi kijani, kwa miliwati 50 na kuveti ya mm 10 pengine yatatoa θ inayopimika. Huo ni utafiti wa kutosha na hauhitaji chombo kipya.

Kwa rozela sasa: kuveti ya mm 1, miliwati 1 mpaka 3, θ isizidi 0.5. Piga nguvu tano tofauti, chora θ dhidi ya P. Ikiwa mstari unapita sifuri na ni mnyoofu, mteremko wake ndio wa kutumia. Ukianza kupinda, kimiminika chenye moto kinapanda na kuuvuta mwale. Utauona ukutani, doa linabanwa upande wa juu na halirudi kuwa duara. Punguza nguvu.

Usisahau skani bila kitundu, mwanga wote ukusanywe. Ikitoa mstari mnyoofu, vizuri. Ikitoa kilima au shimo kwenye fokasi, unyonyaji wenyewe unabadilika na ukali, na itabidi ugawe skani ya kitundu kwa hiyo. Na w₀ usiichukue kwenye hesabu ya lensi. Pima kwa wembe: uusogeze ukikata mwale, umbali kutoka asilimia 10 mpaka 90 ni 1.28 w. Fanya hivyo kwenye sehemu kadhaa kati ya mm 20 na 40 kutoka fokasi, ambako mwale ni mpana na mikromita yako inautosha, kisha uilinganishe na w(z), yaani upana wa mwale kwa kila umbali z. Kwenye fokasi yenyewe µm 28 ni finyu mno kwa skrubu ya printa.

tunguu_optika

Na nikitaka n₂ ya kweli ya elektroni?

Maalim_Kiponda

Hapo unahitaji leza ya mapigo ya pikosekunde au femtosekunde, na hiyo ni kushirikiana na maabara yenye nayo. African Laser Centre ya Afrika ya Kusini na ICTP (kituo cha kimataifa cha fizikia) ya Trieste, Italia, ni milango ya kuanzia. Ukiwaandikia, uliza kwanza mapigo mangapi kwa sekunde. Leza ya femtosekunde ya MHz 80 inatoa pigo kila nanosekunde 12.5, joto halipati nafasi ya kuondoka na utarudi pale pale kwenye lensi ya joto, safari hii kwa chombo cha bei ghali. Omba mapigo machache, Hz 10 mpaka kHz 1. Pikosekunde za Hz 10 ni salama zaidi kwa sampuli inayonyonya.

Waombe walinganishe na kaboni disulfaidi au kioo cha silika kwa mapigo yale yale, kwani n₂ ya kaboni disulfaidi hushuka sana pigo likiwa fupi kuliko muda wa molekuli kugeuka. Kaboni disulfaidi hapo ulipo usiinunue. Ni sumu, na mvuke wake hushika moto wenyewe kwenye digrii 90 hivi, bati la hita linatosha.

Rozela ukiipeleka, ipeleke kavu kwenye chupa nyeusi, iyeyushwe hukohuko. Ya kimiminika inapauka njiani. Ambatisha na spektra ya unyonyaji ya siku uliyoikausha, ili wakiiyeyusha waweze kuona kama bado ni rangi ile ile.